Bomba Lilipojifunga Siku ya Arobaini Yako

Mama,

Mungu alitie nuru kaburi lako. Hapa Chanika ya Handeni tupo, ila hatuko sawa.

Tangu tukuzike, Kaka Hamisi ana wasiwasi na nyumba yako. Yuko Dar, lakini kila siku ananiuliza habari za paa, ukuta, bomba. Mwisho, siku moja kabla ya arobaini yako, akamtuma fundi, akafunga kidude kwenye bomba la tangi. Kinapima maji yanayopita. Yakizidi, kinadhani bomba limepasuka: kinafunga maji chenyewe na kumtumia Kaka ujumbe kwenye simu. Nilikisifu, sikatai. Maji ya Handeni unayajua, tangi likivuja hujui utajaza lini.

Kumbe kiliwekewa kipimo cha watu wawili, mimi na mwanangu. Majirani hakuna aliyewakumbuka. Wewe hukuwahi kutangaza. Ukishaswali alfajiri ulikuwa unafungua geti, wanawake wanaingia na madumu, nawe unawatania, "Choteni, ila mniachie ya kuniosha nikifa." Tulikuwa tunacheka. Siku ya kukuosha nilishindwa hata kushika kata.

Kwenye arobaini yako wakaja wote kupika. Masufuria mekoni, mchele haujamaliza kuoshwa, maji yakakatika. Mama Zaina, jirani yetu wa ukuta mmoja, akaweka ndoo chini akasema taratibu, "Basi, mwenye maji kaondoka." Mama, niliona aibu, nikatamani ardhi inimeze. Nikampigia Kaka, aliyebaki Dar. Akasema afadhali, maji yalikuwa yanapotea. Nikamjibu, "Hayapotei, yanachotwa. Hiyo ndiyo sadaka ya mama yako." Akakata simu.

Nikamwita fundi mwingine kutoka Mkata, akakitoa kile kidude. Tangu hapo Kaka hasemi nami. Amemwambia shangazi anakuja kukirudisha, na geti atalitia kufuli. Naogopa. Sina kaka mwingine, na najua naye analia kwa namna yake: anadhani akiilinda nyumba, hutakuwa umeondoka kabisa. Lakini nikimkubalia, thawabu yako nitakuwa nimeikata kwa mkono wangu.

Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi, kesho alfajiri geti nalifungua, na keshokutwa pia. Hamisi akija atanikuta bombani na wenzako. Akitaka kufunga, aanze kwa kumnyang'anya Mama Zaina dumu lake, huku akimtazama usoni.

Mwanao,
Mwanaidi