Kitanda cha Ndani ya Ndege

Baba,

Leo ni siku ya tano tangu tukuzike. Nimekaa kwenye benchi yako ya nyuma ya nyumba, pale ulipopenda kukaa ukisikiliza ndege zikishuka na kuzitaja moja moja kabla hazijaonekana. Kaka Ngabu amekwenda kurudisha viti tulivyoazima kanisani. Mama amelala, hatimaye. Nina jambo la kukuambia ambalo nilipaswa kukuambia miaka sita iliyopita, na sasa sina pa kulipeleka ila kwenye karatasi hii.

Kwanza habari za huku. Hali ni kama ulivyoiacha. Watu wanasema bunduki zimetulia, kuna kimya, halafu kila asubuhi wanaulizana njia ya Fataki, ile ya kwenda kwenu, imeamkaje. Juma hili imeamka vizuri. Hata hivyo hatukupata dereva aliyekubali kukupeleka kule kwenye kilima cha mama yako, kwa hiyo umelala hapa Bunia. Najua hukutaka. Utusamehe, Baba, tulijaribu.

Sasa jambo lenyewe.

Maisha yako yote ya kazi ulipakia mizigo ya watu pale uwanja wa ndege. Uliwapandisha abiria kwenye mizani kama magunia ya maharagwe, mama na mtoto wake, pasta na Biblia yake, maana ndege zile ndogo hazitaki uzito wa kubahatisha. Uliweza kunyanyua begi kwa mkono mmoja, ukasema “vingt-trois”, kilo ishirini na tatu, na mizani ikakubali. Lakini hukuwahi kusafiri. Ulifika mlangoni mwa ndege, ukakabidhi begi, ukateremka.

Kwa hiyo nilipofika Montreali mara ile ya kwanza na kukupigia simu, hukuuliza kama kuna baridi wala kama nimekula. Hayo ni ya Mama. Wewe uliuliza: “Huko ndani iko namna gani? Balikukalisha wapi?” Nyuma yako nilisikia watu wakinyamazishana. Nikajua simu iko kwenye sauti kubwa, na kwamba Papa Mateso na wapakizi wenzako wote wamekuzunguka wakingoja jibu langu.

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, Baba, jirani na choo, kati ya wanaume wawili wenye mabega mapana, magoti yangu yakigusa kiti cha mbele. Ila wakati wa kupanda tulipitishwa sehemu ya mbele, ile wanayoiita biznesi, nikaona watu wamenyoosha miguu kama wako kwao. Ulimi ukaniponyoka. Nikasema: Mbele, Baba. Walinipa kitanda.

Ulipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. “Mutoto yangu alilala mu kitanda mu ndege! Munasikia?” Tangu siku hiyo uwanja mzima wakakuita Papa Biznesi, na ukaitika.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka sita. Kila Jumapili ulikuwa na swali jipya, na nilijua limetoka kwa yule fundi wa injini aliyewahi kuruka hadi Kinshasa, ambaye alikuwa akikubishia mbele ya watu kwamba ndani ya ndege hakuna vitanda. “Ndege ikiinama, kitanda haianguke?” Nikasema hakianguki, kimefungwa kwa skrubu. “Na shuka, nani anatandika?” Nikasema dada mmoja wa sare. Siku moja ukauliza, “Na muskiteri iko?” Nilikuwa nimetoka kazini, kuwaogesha wazee wa watu tangu asubuhi, sina hata nguvu ya kufikiri. Nikasema chandarua kipo, cheupe. Ukacheka kwa furaha, ukasema wazungu wanajua kupanga mambo. Nilipokata simu nilijiona mbaya sana.

Nilijipa moyo kwamba nitakuja, tutakaa hapa kwenye benchi, nitakuambia ukweli uso kwa uso, utanitukana kidogo, kisha tutacheka. Karatasi zangu za ukaazi zikachelewa. Zilipotoka, Djugu ikachafuka tena kwa mapigano, nikasema mwakani. Mwaka ukafika, nikasema mwakani.

Jumanne Mama akapiga. “Baba yako ametuacha, mama. Siye wote tuko chini. Na weye usipande kitanda mpaka atazikwa.” Hakuhitaji kunikumbusha. Mtoto wa marehemu hulala chini hadi baba yake alazwe chini. Nilivuta godoro, nikaliegemeza ukutani, nikatandika kitenge sakafuni katika kile chumba changu cha Montreali.

Mazishi yalipangwa Jumamosi. Jumatano, kwenye uwanja wa Montreali, msichana wa kaunta alitazama kompyuta, akanitazama, akatazama tena kompyuta. Nafasi yangu ya kule nyuma walikuwa wamempa mtu mwingine. Nilimweleza kwa Kifaransa kwamba baba yangu anazikwa, kisha Kifaransa kikaniishia, nikalia kwa Kiswahili mbele ya foleni nzima. Alichapa karatasi nyingine akanisogezea. Safu ya tatu. Mbele. Nilipoelewa, Baba, nilicheka, na watu waliokuwa wananihurumia wakaanza kuniogopa.

Basi sikia kilichomo, kwa maana safari hii nimekiona kwa macho yangu. Kabla ndege haijatembea wanakuletea kitambaa cha moto kinachonukia ndimu. Ni cha mikono, lakini mimi nilijipangusa hadi shingo. Sahani ni za udongo, uma ni wa chuma, na wanakuita kwa jina. Ukibonyeza kitufe kiti kinajinyoosha polepole mpaka kinakuwa kitanda kweli, na kweli dada wa sare anakuja kutandika shuka. Nilipiga magoti nikachungulia chini yake. Skrubu zipo, Baba! Hapo nilibahatisha vizuri. Chandarua hakuna. Nilitafuta hadi kwenye dari, kama mtu aliyepoteza kitu, na bwana wa kiti cha jirani akaniuliza kama nahitaji msaada.

Kitanda ndicho hicho, kimetandikwa, na mimi siwezi kukipanda.

Nilisimama kando yake muda mrefu. Miaka sita nilikuwa nimelala juu yake kwa maneno. Sasa nimepewa, na wewe hujazikwa. Nikachukua blanketi nikalitandaza sakafuni, pembeni ya kitanda, nikajilaza hapo na kujifunika kitenge. Dada wa sare aliponiona alidhani nimezimia. Akatangaza kwenye spika kwamba anatafutwa daktari, na daktari akaja, mzee wa watu, amevaa soksi tu, akanishika mkono kuhesabu mapigo. Nilimwambia: Mimi mzima, ila baba yangu hajazikwa, na kwetu siruhusiwi kitanda. Wakatazamana. Halafu yule dada akapiga magoti, akaweka mto chini ya kichwa changu, akasema ndege ikitikisika nitalazimika kukaa na kufunga mkanda. Ilitikisika mara mbili. Nilikaa, nikafunga mkanda, nikarudi chini. Nilikukumbuka sana hapo, Baba. Nilitamani uwe juu ya kile kitanda, unabonyeza vile vitufe vyote mpaka wakukataze.

Nilifika Bunia Ijumaa mchana kwa ndege ndogo kutoka Entebbe. Papa Mateso ndiye aliyepokea begi langu mlangoni. Alilikumbatia na kulia.

Jumamosi, jeneza lako likiwa mbele ya nyumba, mwendesha shughuli aliita neno la watoto. Kaka Ngabu alianza, sauti ikamkatikia, nikasimama mimi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya shukrani. Sikupata nafasi ya kuyasema. Papa Mateso alisimama katikati ya wapakizi, wote wamevaa zile fulana zao za rangi ya machungwa kwa heshima yako, akasema: “Furaha, baba yako alituambia mambo mingi, na kuko bantu benye habakumuamini. Leo anaenda. Baambie weye mwenyewe: ile kitanda iko ao haiko?”

Yule fundi wa injini alikuwa nyuma, amekunja mikono.

Niliwaambia kila kitu, Baba. Kitambaa cha moto, ndimu, kitufe, skrubu, shuka. Nilisimulia vizuri kwa kuwa nilikuwa nimeviona, na watu walisogea karibu wasikie. Sakafu sikuitaja. Nikadhani nimemaliza salama. Ndipo fundi akauliza kwa sauti ya chini, tena kwa adabu: “Na muskiteri?”

Nilitazama jeneza. Ningesema hakuna, ungezikwa ukiwa mwongo, na mwongo ni mimi. Pasta alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ameshika Biblia.

Nikasema: Iko. Nyeupe.

Papa Mateso aligeuka akamtazama fundi. Fundi alivua kofia, akaja mbele, akawa miongoni mwa wale waliokubeba. Bega la kushoto, nyuma.

Mungu atanihukumu kwa hilo, na nitajibu. Lakini wewe sitaki uende na maneno yangu ya uongo kichwani, kwa hiyo nimekuandikia. Kwa watu wa uwanja wa Bunia nitaendelea kulala kitandani maisha yangu yote, na wakiuliza lolote nitajibu kama ulivyojibu wewe. Juma lijalo narudi, kiti cha nyuma, na nikifika nitampigia Mama. Ataniuliza kama nimekula. Hakuna atakayeniuliza huko ndani kuko namna gani, na sijui hiyo Jumapili ya kwanza nitaipitishaje.

Kwaheri, Baba. Pumzika, mizigo imekwisha. Ninakuahidi kwamba wewe nitakuambia ukweli kila safari, hata ukiwa mdogo, hata ukiwa wa aibu. Naanza na huu, ambao kitanda kile kilikuwa kimeufunika: mara ile ya kwanza, kule nyuma jirani na choo, nililia kutoka tulipopaa mpaka tulipotua. Niliogopa. Nilitaka kurudi nyumbani kwako, na uliponiuliza nimekaa wapi, niliona nikikujibu kweli utakisikia kilio hicho sautini mwangu.

Mwanao,
Furaha