Maji ya Ndembo Uliyomletea Mama

Mwaka umetimia, Baba Anjelina, tangu utuache hapa Mkunya, na mimi mkeo sijalia hata siku moja. Haya, nimelia, nikasingizia moshi wa kuni. Wajukuu wakanikumbusha kwamba siku hizi tunapikia gesi.

Ulikuwa mpole, kugombana hukujua. Ila mtu akiwasema vibaya Ndembo, hapo ulisimama. Vijana wa leo hawawajui, acha niwaeleze mbele yako.

Vilikuwa vichwa saba vya treni ya mizigo, vya mvuke, vyeusi tii. Watu waliwaita Ndembo, yaani tembo, kwa jinsi walivyokunywa maji. Waliletwa kubeba karanga. Karanga zilipokataa kustawi, wakabeba korosho na magogo kutoka Masasi hadi Mtwara, wala hawakununa. Wewe ulikuwa mtia kuni wa Ndembo wa tatu. Ulisema akipanda mlima na mabehewa yamejaa, pumzi yake unaisikia miguuni. Mimi hukuwahi kunisifu hivyo, lakini nami sikuwahi kuvuta behewa.

Siku hizo huku juu maji tuliyafuata bondeni. Ulipokuja kuniposa, mama yangu akakwambia, "Mwanangu humpati mpaka unichotee maji ya bondeni kiangazi kizima."

Kila Jumamosi ukafika na debe kichwani, jasho linatiririka. "Shikamoo, Mama. Maji ya bondeni haya."

"Marahaba. Pole na mlima, baba."

Mimi nilijua. Uliyachota kwenye tangi la Ndembo kule Masasi, ukapanda nayo lori la korosho lililorudi tupu, ukashukia kanisani. Jasho lilikuwa la kukimbia kutoka kanisani.

Kiangazi hakijaisha, reli ikafungwa. Mizigo haikutosha. Ndembo wako akabaki wa mwisho, akabebeshwa reli zilizong'olewa nyuma yake, akaondoka nazo kama mtu aliyekunja mkeka wake. Ulirudi huku huna kazi, huna tangi, na mama anasubiri debe lake.

Jumamosi ile ulishuka bondeni kweli. Ulipanda unachechemea, debe limepungua nusu. Mama angekataa, leo asingekuwepo wa kukukumbuka: si mimi mkeo Oliva, si wanao Anjelina, Bernard na Cecil, si wajukuu wetu wenye midomo. Lakini tupo, na maadamu tupo hutatutoka moyoni.

Mama akaonja. Akaonja tena.

"Alfredi, haya umeyachota wapi?"

"Palepale, Mama. Ni yaleyale ya siku zote."

"Mwongo wewe. Haya ndiyo ya bondeni. Yale ya siku zote yalikuwa na kutu na grisi. Kesho niletee wazee wako."