Mzee Pole Ameacha Kusema Pole

Nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha kuku,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na Mama Mdogo, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku ni wazima, ukiacha vidole vya Baba, ambavyo asubuhi havikunjuki mpaka avitie kwenye maji ya moto.

Umeuliza anaendeleaje na kazi uliyomtafutia kwa rafiki yako meneja. Yeye atakujibu kuwa ni nzuri. Mimi nimefundishwa nisimdanganye mkubwa, kwa hiyo nitakueleza.

Unakumbuka alipokuwa na bucha yake. Mbuzi akiletwa, alimnywesha maji kwanza, akaficha kisu nyuma ya mgongo, akampapasa shingo na kumwambia, "Pole, mwenzangu." Nilidhani wachinjaji wote hufanya hivyo. Kisha watu wakahamia kuku wa kiwanda kwa kuwa ni wa bei rahisi, bucha ikafungwa, na Baba akawafuata kuku.

Kuku hao huletwa wamesongamana kwenye makreti. Wamenoneshwa hadi miguu haiwabebi, na wengi jua wanaliona siku hiyo tu. Kazi ya Baba ni kuwatundika kichwa chini kwenye mnyororo unaokwenda, nao haumsubiri mtu. Mwanzoni alimwambia kila kuku pole. Wenzake wakambatiza Mzee Pole. "Mzee Pole, huyu wa mwisho hukumpa rambirambi zake," walimtania, naye akacheka nao. Halafu msimamizi akaja: "Mzee, hapa ni kiwandani, si msibani. Ukimliwaza kila kuku, tutatoka saa ngapi?"

Baba akaacha. Lakini ameacha hata nyumbani. Juzi Mama aliungua mkono kwa mvuke wa sufuria. Baba alimtazama, akaendelea kunywa chai. Bibi alipojikwaa mlangoni, alimwinua kama gunia, bila neno. Usiku huo Mama alilia, na si kwa sababu ya mkono.

Mimi kuku sili tena. Mama ameniambia, "Haya, huruma yako itie chumvi uile." Bibi akasema, "Mwacheni mtoto. Paja lake nitalisitiri mimi." Sisemi watu wasile nyama, kwani bucha ndiyo iliyonilea. Ila kama kiumbe hakipewi hata nafasi ya neno moja, sisi tunaokila tunabaki watu wa namna gani? Mwalimu wa sayansi alitufundisha kuwa kuku huhisi maumivu. Nilipomwuliza kwa nini basi tunawafanyia hivyo, alisema swali hilo halimo kwenye mtihani.

Nilimsihi Baba aache kazi. Akanijibu, "Mdogo wangu alijinyenyekeza kwa watu kwa ajili yangu. Nimtie aibu?" Kwa hiyo, Baba Mdogo, aliyemfungia huko ni wewe, bila kujua. Nakuomba umwandikie kwamba akiondoka hutaona aibu. Ufunguo wa bucha bado umetundikwa nyuma ya mlango, na fundi cherehani jirani yetu huuliza kila mara itafunguliwa lini. Baba akitaka kujua nani amekuambia, sema umeota.

Jana nilijikata kidole nikimenya viazi. Baba alikuwa mbele yangu. Midomo yake ilifunguka, ikafumba tena. Neno halikutoka, lakini niliona lilipofikia. Ndiyo maana nimeandika leo, sikungoja tuonane likizo.

Bibi anakusalimu na kusema usilale na njaa. Mama anakusalimu kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado umefungwa kitambaa. Nibusie wale pacha wenu. Mungu akuweke, na akuharakishie kalamu.

Mwanao anayekupenda na kukutegemea,
Bi Maswali