Makosa ya Chombo cha Hamdan

Jumamosi, 14 Novemba 2015

Madirisha leo. Kiwanda kiliweka ishirini, kila moja dogo kuliko punje ya mtama. Kaka Hamdan anasema kile halisi cha studio ya filamu kilikuwa na kumi na manane. Basi mawili nimeyaziba kwa puti, nikapiga msasa, nikaziba tena, nikapiga tena. Mchana mzima umekwenda. Chombo chenyewe hakijaruka popote. Ni sanamu ya plastiki ya chombo cha anga cha kwenye filamu, filamu aliyoiona Tooting mwaka aliofika London. Na bado tumegombana kwa ajili ya madirisha yake.

Mimi ndiye mikono sasa. Yake ilikufa tangu kiangazi. Ugonjwa huu unaua misuli mmoja mmoja, na daktari ameshatuambia ulimi nao unafuata.

Nilimwambia nitamgandishia kila kipande kwa sharti moja: aniambie Baba alikufaje. Akasema, "Tumalize chombo kwanza." Nikakubali. Mjinga mimi.

Jumanne, 24 Novemba

Nimetoa watu damu hospitalini tangu asubuhi. Nimerudi nyumbani Queensbury miguu imevimba lakini mikono imetulia. Ndiyo maana kanichagua. Si mapenzi, ni mikono.

Ana daftari. Kila ukurasa kaugawa mara mbili kwa rula. Upande mmoja Kosa, upande wa pili Sahihi. Kosa la 1: antena ndefu. Sahihi: punguza milimita mbili. Kosa la 9: rangi nyeupe. Sahihi: kijivu chenye ukijani kidogo sana. Likirekebishwa, tiki. Hadi la 23 ni mwandiko wake. Unaanza umesimama wima, unaishia umelala. Kuanzia la 24 ni wangu.

Anajua yote haya juu ya plastiki. Juu ya Baba ana neno moja, homa, na kisa kimoja: kwamba Baba alimchapa bakora kwa kusema uongo juu ya glasi iliyovunjika. Basi. Mama naye alisema homa mpaka anaingia kaburini. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, Hamdan kumi na miwili. Niliamini.

Niliamini hadi mwaka jana, kwenye hitma Kingsbury. Bibi mmoja akaniuliza, "We binti wa nani?" Nikamtajia. Akashika kifua. "Yule aliyeteremshwa darini siku zile za Mapinduzi?" Wakamsogezea sahani ya biriani ili anyamaze. Akala.

Kwa hiyo alikuwa amejificha juu ya dari. Nani aliwaambia waliokuja kumchukua? Hilo ndilo ninalolitaka. Jina tu.

Alhamisi, 10 Desemba

Ulimi unakwenda. Neno "msasa" nimemfanya alirudie mara nne leo. Mara ya tano akatazama ukuta.

Wahudumu wanaomtunza wametuletea ubao wa herufi. Napitisha kidole, nikifika kwenye herufi anayoitaka anafumba macho. Maswali nayo yana sheria yake: mara moja ndiyo, mara mbili siyo. Sentensi moja inamaliza chai kikombe kizima.

Nilijua ya kwanza itakuwa ya Baba. Nilikaa kitako kabisa, nikasema bismillahi. Ikatoka: ANTENA IMEPINDA.

Nikaenda jikoni nikapigiza sufuria kwenye sinki.

Ijumaa, 25 Desemba

London imefungwa. Hakuna treni, hakuna basi, hakuna mhudumu. Mimi na yeye na ubavu wa kushoto wa chombo.

Kiwanda kimeujaza mabomba na vifuniko, vizuri kweli. Vyote niving'oe. Studio walipamba ubavu wa kulia peke yake, maana ndio kamera iliokuwa inaupiga. Wa kushoto waliuacha plastiki tupu, gundi imechuruzika, waya zinaning'inia. Hamdan ana picha, alizipiga mwenyewe chombo halisi kilipowekwa kwenye maonyesho. Watu wote walisimama kulia. Yeye akazunguka nyuma.

Nimekwangua kwa wembe mpaka vidole vimekufa ganzi. Kuondoa kitu kizuri uweke ubaya, kazi kweli kweli. Nikamwambia, "Kaka, ubavu huu nani atautazama?"

Akafumba macho kwenye herufi tatu tu. UPO.

Jumanne, 12 Januari 2016

Sikukuu ya Mapinduzi nyumbani. Kundi la ukoo kwenye simu halipumui tangu alfajiri. Huyu kaweka gwaride, yule kaweka dua ya marehemu, wawili wanatukanana. Nimeizima.

Nikakaa mbele yake na ubao nikamuuliza waziwazi. Nani aliwaambia Baba yuko darini? Ni jirani? Ni ndugu? Yu hai?

Akafumba macho. Si mara moja wala mbili. Aliyafumba akakaa nayo hivyo mpaka chai yake ikafanya ngozi. Ubao haumfai mtu aliyefumba macho. Anajua, na mimi najua kuwa anajua.

Namchukia leo. Nimelisema humu ili nisilazimike kumwambia yeye. Kisha nimemgeuza ubavu asipate vidonda.

Jumapili, 24 Januari

Nimeharibu.

Mama Kokila wa mlango wa pili alituletea chapati. Mhindi wa Mombasa, mtu mwema, mikono haitulii. Akakinyanyua chombo, akaona bonde kwenye ubavu wa kushoto karibu na mkia. "Joto la radiator ya ukutani imekunja hii, dada. Weka maji moto tu, itanyooka." Kweli lilikuwepo, plastiki imelegea kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Hamdan alikuwa kasinzia. Nikasema nimfurahishe. Maji ya moto, kijiko cha wali kwa ndani, nikasukuma taratibu. Likanyooka safi. Nikajisifu.

Alipoamka nikamwonyesha. Machozi yakamtoka, na hawezi kuyafuta, yanamwingia masikioni. Nikaleta ubao. TAA.

Nikafungua daftari. Kosa la 17, mwandiko wake: ubavu wa kushoto umenyooka mno. Sahihi: joto la taa za studio liliuyeyusha, ukabonyea. Tiki. Kwa sababu lina tiki sikulisoma. Bonde lile alilitia mwenyewe mwezi wa Mei, kwa mshumaa na dole gumba, mikono ikiwa bado ni yake. Ni kitu cha mwisho alichokifanya kwa mikono ile. Nami nimekinyoosha na kijiko cha wali.

Mama Kokila analia ngazini kwake. Nimemwambia si kosa lake. Ni kosa lake kidogo.

Jumatano, 3 Februari

Mshumaa. Dole gumba langu. Nimeungua mara mbili, kazini nitavaa plasta chini ya glavu. Bonde limerudi, lakini si lile. Lake lilikuwa refu, langu la mviringo. Nikamshikia karibu na uso. Akalitazama kwa muda mrefu, nikasubiri anifokee herufi moja moja.

HIVYO HIVYO.

Hajawahi kuliandika neno hilo. Miaka yote sijamsikia Hamdan akisema hivyo hivyo juu ya kitu chochote, hata chai.

Chombo kimekwisha. Makosa arobaini, tiki arobaini. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hiki hakielei wala hakiruki, na kimeundwa mara mbili.

Sijamuuliza. Ahadi ni yake.

Jumamosi, 6 Februari

Asubuhi, kabla ya chai. DAFTARI.

Nikamwambia chombo kimekwisha, Kaka. Akafumba mara mbili. Siyo. Nikafungua ukurasa mpya, nikapiga mstari wa katikati kwa rula kama anavyotaka. Akanipa namba: 41.

Upande wa Kosa: BABA HOMA.

Upande wa Sahihi tulichukua muda mrefu. Alipumzika mara tatu. Nilikuwa naandika herufi bila kuzisoma, kama ninavyoandika namba kwenye vichupa vya damu. Kisha nikasoma.

MAMA ALISEMA KASAFIRI. WAKANIULIZA MIMI. NILIONYESHA DARI. NIMEMUUA.

Nikauliza kaburi liko wapi. SIJUI.

Nikauliza Mama alijua? Ndiyo.

Sikumpa chai. Nimevaa koti nimetoka. Nimetembea Kingsbury Road yote hadi mwisho na kurudi, sikumbuki kitu nilichokiona.

Jumanne, 9 Februari

Siku ya tatu siingii chumbani kwake. Mhudumu anamlisha. Anafumba macho mlango ukifunguliwa, kaniambia, halafu anayafumbua akisikia si mimi.

Tangu ile hitma nilikuwa na hamu ya kumpata mtu mmoja nimlaani. Nilimwandalia na maneno. Sasa huyu hapa, kilo arobaini na tano, anakunywa supu kwa mrija.

Namkasirikia Mama zaidi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Walikaa wawili na jambo lile meza moja, mimi katikati nachezea wali. Mama alikuwa anampakulia Hamdan kwanza na hamtazami usoni. Nilidhani ndivyo watoto wa kiume wanavyopakuliwa. Homa ilikuwa zawadi yake kwangu, ili nipate kuwa na kaka.

Na kisa cha glasi. Kimenijia leo nikiwa nimeshika mkono wa mgonjwa, natafuta mshipa. Baba alimfundisha kwa bakora kwamba mtu mzima akikuuliza, unasema kweli. Watu wazima wakaja, wakauliza.

Mgonjwa akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 14 Februari

Mvua. Nimemwogesha, nimemnyoa. Ndevu zake zimekuwa nyeupe zote, sikuwa nimeona. Chombo kiko juu ya kabati, ubavu wa kushoto umemwelekea yeye. Alitaka hivyo.

Baada ya chai nimechukua daftari. Nimelitia tiki la 41, kwa sababu limerekebishwa. Kisha chini yake nimeandika la 42, mwandiko wangu, bila kuambiwa.

Kosa: Hamdan amemuua Baba.

Sahihi: Hamdan alikuwa na miaka kumi na miwili, aliulizwa swali.

Nikamsomea polepole, pande zote mbili. Nikamuuliza nitie tiki?

Akafumba mara moja. Nikasubiri. Akafumba tena.

Siyo.

Nimemfuta mdomo, nimemwekea mto sawa. Kalamu nimeiacha ndani ya daftari. Kesho nitamsomea tena, baada ya chai.