Zamu Yangu kwenye Korongo la Bahi

Dodoma, yadi ya malori

Mama yangu, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mikorosho, imeshatoa maua? Mimi mzima, ila vumbi la huku limenipaka rangi, ukiniona utaniuliza mtoto wa nani.

Bado ni utingo, msaidizi wa dereva. Enzi hizi za ruksa, biashara zimefunguliwa, tajiri wetu ana malori manne, kila moja kalifunga redio ya kuongelea njiani. Unabonyeza, unaongea, wote wanasikia. Ila wakibonyeza wawili pamoja hasikiki hata mmoja, ni mkwaruzo tu kama dagaa kwenye mafuta.

Sasa dereva wa mbele, Mzee Ndahani, ni Mgogo. Anayemfuata, Masanja, Mnyamwezi. Watani. "Mgogo, leo mlenda umeshiba?" "Nyamaza mpagazi, beba mzigo." Mimi lori la mwisho nachochea. Siku moja ya mvua mzee akakuta korongo la Bahi limejaa, akaita tusimame. Masanja naye kabonyeza, anamtania. Hakusikia. Akamgonga mzee kwa nyuma, tairi za mbele za lori la mzee zikaingia majini. Tulimvuta kwa mnyororo. Masanja alikaa kwenye matope.

Toka hapo mzee kaweka sheria kama ya kikao cha mahari. Anaanza wa mbele, akimaliza anasema "nimemaliza", ndiyo anafuata wa nyuma yake. Mkibonyeza pamoja, wa nyuma anyamaze, wa mbele arudie. Utani mpaka tukisimama kula.

Juzi korongo likajaa tena. "Maji. Simameni. Nimemaliza." Tukasimama wote, salama. Mchana kutwa tunangoja, mvua inapiga, dereva wangu kalala. Mzee akasema kila mtu ataje anayemngoja nyumbani. Masanja akasema, "Wake wawili, wanangojea nyama, siyo mimi. Nimemaliza." Wa tatu akataja watoto wake.

Ikafika kwangu. Mzaha nilikuwa nao mdomoni, Mama, haukutoka. Nikabonyeza, nikaachia. Wale wapiga domo wote, hakuna aliyedakia zamu yangu. Nikabonyeza tena: "Mama yangu, yuko Masasi." Nikasahau kusema nimemaliza. Basi wakaendelea kuningoja.

Msalimie dada Somoe anayekuchotea maji, na mjomba Bakari fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea bado inanibana.

Ni mimi mwanao,
Selemani, lori la mwisho