Kwa Baba Yetu, Mzee Gundi, Aliyehamia Benchi la Nyuma

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu uliposema unajilaza kidogo tu, chai ikipoa. Hukuwa mtu wa kulala mchana. Mama alikufunika shuka, akaondoka kwa kunyata, akatuonya tusipige kelele. Tulinyamaza bure. Ulikuwa umeshakwenda.

Chumba chako cha kazi bado kinanuka kiwi ya viatu na gundi. Mwanao wa pili ndiye anayekalia kigoda chako siku hizi, na wateja hawamwonei haya: "Baba yako angeshamaliza." Anawajibu, "Nami ningemaliza, kama mngeacha kunisimulia habari zake." Halafu wote wanacheka, na wanaendelea kumsimulia.

Jina la Mzee Gundi ulipewa na watoto wa shule. Mama hakulipenda. Wewe ulilipokea kama zawadi. "Gundi si tusi," ulisema. "Aibu ni kiatu kuachama na fundi yupo."

Na kanisa letu, Baba, unalijua kuliko sisi. Mabenchi kumi na mawili, sita huku na sita kule, na kwaya ya watu tisa ambao watano kati yao wana sauti. Wewe uliimba besi. Besi yako ilifika mwisho wa ubeti kabla ya wenzako, ikakaa pale ikiwasubiri. Mchungaji alikuvumilia kwa sababu zamu yako ya kufagia hukuikosa hata mara moja, na kwa sababu mgonjwa hakulala siku tatu bila wewe kumbishia hodi.

Kuna jambo ambalo wengi hawakulijua. Washarika walipopiga magoti kwenye Meza ya Bwana, sisi tuliinamisha vichwa. Wewe ulitazama nyayo zao. Soli iliyotoboka uliiona, ukaiweka moyoni. Katikati ya wiki ulikutana na mwenye kiatu njiani, kana kwamba ni bahati tu, ukamwambia, "Hebu nipitishie vile viatu vyako vyeusi, nina kipande cha ngozi kinanisumbua tu pale dukani." Wangapi walitembea juu ya vipande vyako bila kujua kwamba walionekana wakisali!

Lakini leo tunataka kukushukuru kwa jambo jingine, ambalo hukupenda lisimuliwe. Dada ndiye aliyesema, "Liandikeni. Linanihusu mimi, na mimi sioni haya."

Kanisani kwetu ilikuwepo kanuni. Msichana akipata mimba bila ndoa, alitolewa kwenye kwaya, akazuiwa Meza ya Bwana, akapelekwa kukaa benchi la mwisho, pale kwenye mafagio, mpaka baraza la wazee limwite. Wewe ulikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Kila kura ilipoitishwa, mkono wako ulipanda. Hukuwa mkatili, Baba. Mkono ulipanda kwa mazoea tu, kama unavyopanda kufukuza nzi.

Kisha ikawa zamu ya Dada.

Ulitoka nje ya kikao, kama inavyompasa mzazi, na wenzako wakapiga kura bila wewe. Jumapili iliyofuata Dada akaenda kukaa kwenye mafagio, macho yake sakafuni. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, ukainuka kutoka benchi la wazee. Viatu vyako vililia kwii, kwii, njia nzima, maana fundi viatu hana siku ya kujitengenezea vyake. Ukaketi kando ya Dada.

Mchungaji akakatisha alichokuwa akisoma. "Mzee, kuna tatizo?"

"Hakuna, mchungaji. Endelea. Huku nakusikia vizuri zaidi."

Wachache walicheka. Mzee Mizani hakucheka.

Kwa wasiomjua, Mzee Mizani ni muuza nyama, rafiki yako tangu ujana, besi mwenzako, mzee wa kanisa mwenzako. Ibada ilipokwisha alikungoja mlangoni, na mkono uliomnyooshea hakuupokea.

"Gundi, binti yangu alipokaa benchi lile, wewe ulikaa wapi?"

Ukaurudisha mkono wako mfukoni.

"Nakuuliza mbele za watu. Ulikaa wapi?"

"Mbele," ukasema.

"Basi usituigizie."

Alisema kweli. Binti yake alikaa pale peke yake, miezi na miezi. Alipojifungua alimbeba mtoto wake akahamia mji mwingine, na tangu hapo hakukanyaga kanisa lolote. Siku ya kura yake mkono wako haukuwa tu miongoni mwa mikono. Ulikuwa wa kwanza.

Siku ile hukula. Mama alikuita mara ya kwanza, mara ya pili.

"Chakula kinapoa, baba watoto."

"Acha kipoe. Yule bwana amenieleza ukweli."

"Ukweli hauliwi. Kula, kesho umfuate."

Ukamfuata. Ulisimama kwenye foleni ya buchani, ukasogea pamoja na wateja mpaka zamu yako ikafika.

"Nikupimie kilo ngapi?" akauliza, macho kwenye kisu.

"Sikuja kununua."

"Basi pisha wanaonunua."

Ukapisha. Ukasimama pembeni, karibu na magogo ya kukatia nyama, asubuhi nzima, watu wakiingia na kutoka na kukuamkia kwa mshangao. Mmoja alikuuliza kama siku hizi umeajiriwa. Buchani mlipobaki nyinyi wawili, ukasema, "Niliinua mkono bila kufikiri. Naomba radhi."

Mzee Mizani alifuta kisu chake taratibu. "Aliyekaa benchi si mimi, Gundi. Kamwombe aliyekaa."

Mtu mwingine angeona hapo ameshatimiza wajibu. Wewe ulipanda basi Jumamosi ya kwanza uliyopata nafasi, ukaenda mji usioujua, ukiwa na jina la mtaa tu. Uliporudi ulisema, "Nimemwona, ni mzima," ukakaa kwenye kigoda chako ukaanza kushona. Mengine tumeyasikia kwa binti wa Mzee Mizani mwenyewe mwaka huu.

Anasema ulimkuta kwenye chumba cha dobi, akipiga pasi. Alipokuona tu akaiweka pasi chini.

"Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu, mwanangu. Nimekuja kwa sababu ya mkono wangu."

"Umeumia?"

"Hapana. Niliuinua siku ya kura yako. Wa kwanza ulikuwa wangu."

Alichukua shati, akalipiga pasi kola, mikono, mgongo, akalikunja. Wewe ulingoja umesimama, kofia mkononi. Kisha akasema, "Mzee, mimi nilishasamehe zamani, ili nipate usingizi. Lakini kanisani sirudi."

"Sikuja kukurudisha. Nilitaka ulisikie kutoka kinywani mwangu: mwenye kosa nilikuwa mimi."

Akakuvutia kiti. Mkanywa chai. Ulipoaga akakuuliza, "Binti yako anakaa na nani pale nyuma?"

"Na mimi."

"Basi usimwache hata Jumapili moja."

Hukumwacha. Dada alikaa pale mpaka mjukuu wako alipozaliwa, nawe ukakaa naye, ukiimba besi yako yenye haraka kutoka nyuma, peke yako, kwaya yote ikigeuza shingo.

Kisha ukaliomba baraza la wazee liifute kanuni. Hukuwapigia mahubiri. Mchungaji alimweleza Mama kwamba ulisimama, ukasema sentensi moja, ukaketi: "Ndugu zangu, tumeshona kiatu kidogo, halafu tunaulaumu mguu." Mikono ilipanda mmoja mmoja, kwa uzito. Wa mwisho ulikuwa wa Mzee Mizani. Alikutazama wewe kwanza, muda mrefu, kisha akauinua.

Urafiki wenu ulirudi ukichechemea. Mlisalimiana, mliimba pamoja, mlizika wafu pamoja. Lakini kile kicheko chenu cha zamani, cha kushikana mabega, hatukukisikia tena, na tunajua ulikingoja mpaka siku zako zikaisha. Ulikiri mbele yetu mara moja tu. "Nilimkosea mwanawe," ulisema. "Ana haki ya kuchukua muda wake."

Asante, Baba. Asante kwa kutuonyesha kwamba mzee wa kanisa anaweza kukosa, na akikosa anaweza kupanda basi. Asante kwa zamu zako zote za kufagia. Asante kwa Dada, ambaye anaongoza sauti ya pili katika kwaya, na kwa mwanawe wa miaka minne anayeimba akiwahi wenzake, tena hataki kukosolewa.

Juzi tulikuwa mezani tukiandika haya, Mzee Mizani akabisha hodi. Alikataa kiti.

"Nasikia mnaandika majina ya wanaomkumbuka."

"Ndiyo, baba," Dada akamjibu.

"Niandikeni."

"Tukuandike nani? Rafiki?"

Akafikiri, akitazama mlango wa chumba chako cha kazi. "Rafiki ni neno la salamu. Andikeni ndugu yake." Akaanza kuondoka, akageuka. "Na binti yangu amepiga simu. Anataka jina lake liwe karibu na langu. Atakuja Jumapili, hapa nyumbani. Kanisani hakuahidi, na mimi sikumwuliza."

Basi, Baba, wanaokukumbuka ni hawa: mkeo, mama yetu, ambaye bado anapika kwa kipimo chako, binti yako mkubwa na mjukuu wako, mwanao aliyerithi kigoda, kitinda mimba wako, mchungaji na washarika wote wa mabenchi kumi na mawili, ndugu yako, Mzee Mizani, na binti yake, ambaye ametuomba tumtaje hivi: aliyekaa benchi la nyuma kabla yako.

Tutakukumbuka, Baba, daima na kwa shukrani.