Nyavu za Kunasa Ukungu

Kilema Juu,
Moshi.
18 Novemba 1976

Wifi yangu mpendwa Flavia,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kilosa, wewe, shemeji na watoto. Sisi tunapumua. Mama bado yuko kitandani kwa ajili ya nyonga, lakini uji anakunywa na kunigombeza anaweza, kwa hiyo nguvu zipo. Migomba imekonda mwaka huu, na ng'ombe amekatika maziwa.

Najua umeshasikia kwamba mdogo wako Basili amefungwa. Waliokupa habari watakuwa wamekueleza mwisho tu. Mimi nataka uanzie mwanzo, kwa sababu mwanzo wake ulikuwa mzuri.

Ulikuwa mwaka ule wa ukame, mfongo wetu, mfereji unaotuletea maji ya chemchemi, ulipokauka hata vyura wakahama. Mimi na Basili tulipanda ukingoni mwa msitu kutafuta majani ya ng'ombe. Nilipoinama kufunga mzigo, maji yakanidondokea shingoni. Nchi nzima imekauka, na mimi shingo inalowa! Tukatazama juu. Yalikuwa yanatoka kwenye zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini kama ndevu. Mvua haikuwapo; ukungu tu ulikuwa unapita, na kila unywele wa ndevu zile ulikuwa umeunasa na kuugeuza tone. Basili alisahau majani. Alisimama chini ya mti ule asubuhi nzima, mdomo wazi, akicheka peke yake.

Unamjua alivyo. Ufundi aliosomea Moshi mjini aliuweka wote hapo. Alichambua katani hadi ikawa nyembamba kama nywele, mimi nikasuka, tukatundika wavu kati ya nguzo mbili, na chini yake mfereji wa gamba la mgomba kuelekea pipa. Wavu wa kwanza ulikunywa maji wenyewe. Tukaupaka nta. Asubuhi iliyofuata pipa lilikuwa na maji, wifi. Mama alichovya kidole, akalamba, akapiga kigelegele hadi majirani wakadhani nimejifungua.

Kijiji kizima kilikuja kuchota. Wanawake waliacha kuteremka korongoni. Kisha wakaja wakubwa kutoka wilayani, wakampa Basili mkono, wakamwita mfano wa kujitegemea, wakasema vijiji vyote vya mlimani vipate nyavu. Tangu siku ile mume wangu alianza kutembea kwa namna nyingine.

Nyavu nyingi zilitaka nguzo nyingi, ndefu na ngumu. Basili akakusanya vijana, akawapandisha msituni na mashoka. Walikata miti ile ile, Flavia, yenye ndevu. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo iliyotufundisha. Akanijibu mbele ya vijana kwamba mwalimu akishafundisha hana kazi, na wakacheka.

Ukingo ulipobaki mweupe, ukungu haukuwa tena na kitu cha kuushika. Ulipita juu ya vichwa vyetu kama mgeni asiyekaribishwa. Nyavu zikaning'inia kavu kama nguo za marehemu. Chemchemi inayolisha mfongo nayo ikapungua, ikabaki kama mkojo wa mtoto. Tukarudi korongoni na ndoo, na huko ndiko mama alikoteleza. Tulimpandisha kwa machela ya vijiti, akimwita Basili njia nzima. Basili hakuwapo. Alikuwa Sanya Juu akiwaonyesha watu jinsi ya kutundika nyavu.

Aliporudi nilidhani atalia. Alikaa karibu na mama kidogo, kisha akatoka akasema kosa ni la nguzo, ni fupi, na miti mirefu iliyobaki ni ile inayozunguka chemchemi. Angeanza kuikata Jumatatu. Nilimpigia magoti, wifi. Nilimwomba kwa jina la mama yenu aliyelala pale ndani. Akaniambia, "Valeria, wewe unataka nirudi kuwa mtu wa kukata majani ya ng'ombe."

Siku ya Jumapili alikwenda misa na mimi nikamwambia naumwa. Nikateremka Moshi kwa miguu hadi nyumbani kwa bwana msitu, nikamweleza siku, saa na mahali. Jumatatu walimkamata shoka likiwa mkononi, mti wa kwanza ukiwa umeshachanjwa. Amepewa miaka miwili. Hakuna aliyenishawishi. Ni mimi.

Mwezi uliopita nilimpelekea ndizi na sabuni gerezani. Amekonda. Alinishika mkono kupitia waya, akaniomba niulizeulize kijijini nimjue aliyemuuza, kwa maana hamwamini mtu mwingine ila mimi. Nilimwambia nitauliza.

Miti ya chemchemi ipo. Maji bado ni haba, na nyumba haina mume. Umeandika kwamba unakuja Krismasi. Mlango uko wazi, lakini nimetaka ujue mapema utakula chakula cha nani. Ukiona vema kumwambia Basili, mwambie. Mimi kinywa changu kimenishinda.

Nisalimie shemeji, na watoto wote kila mmoja kwa jina lake. Mama anakusalimu, anauliza kama huko mna maji.

Ni mimi wifi yako,
Valeria